Mkeka wa roboti si mkeka wa kubeti

Ukitaja mkeka mbele ya kijana wa Kahama leo, kinachomjia kwanza si ukindu wala sebule ya bibi yake. Atakuuliza umeweka timu ngapi. Mkeka siku hizi ni orodha ya mechi ambazo mtu amezibashiri, na ukiwasikia vijana wa bodaboda pale stendi Jumatatu asubuhi wanasema mkeka umechanika, ujue kuna mtu aliyelala na matumaini ya laki tatu akaamka hana hela ya mafuta.

Mimi Jumamosi huwa na mkeka mwingine. Ni viroba vinne vya mbolea, vimepasuliwa, vimeshonwa pamoja na kutandazwa juu ya plaiwudi kwenye darasa la sekondari moja ya kata, nje kidogo ya mji. Tumebandika njia kwa utepe mweusi wa mafundi umeme. Vifuniko vya soda vimepangwa kwa rangi, na kwenye kona moja tumechora mviringo tunaouita duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Makundi ni matatu, na kila kundi lina roboti yake: mota mbili kutoka kwenye vigari vya kuchezea vilivyoharibika, magurudumu ya vifuniko vya makopo, betri, na bodi ndogo ya kuongozea, ambayo ndiyo kitu pekee tulichokinunua kikiwa kipya.

Kazi ya roboti ilijulikana tangu mwanzo wa muhula. Ifuate njia, isukume vifuniko vyekundu mpaka ndani ya duara, irudi ilikoanzia, yote ndani ya dakika mbili. Kisichojulikana kilikuwa kwenye bahasha iliyokaa mfukoni mwangu. Humo kulikuwa na kanuni moja ya ziada ambayo ningeisoma asubuhi ya shindano, na baada ya kuisoma wangepewa saa moja na nusu ya kujipanga bila msaada wangu.

Kwa wiki tatu watoto hawa walikuwa wakibashiri kilichomo. Mwalimu mwenzangu aliyepita dirishani akawasikia, akaniuliza nje kwa nini nawafundisha watoto kubeti. Hakuwa anatania. Ana mtoto wake wa kiume aliyeacha chuo kwa ajili ya mikeka hiyo mingine. Nilimjibu kwa kifupi siku ile, na jibu halikunitosha hata mimi mwenyewe, ndiyo maana naandika.

Bahasha si ubunifu wangu. Yapo mashindano ya dunia ya roboti kwa wanafunzi, World Robot Olympiad, yaliyoanzia Singapore mwaka 2004. Katika kitengo chake kinachojulikana zaidi, watoto hupewa miezi kadhaa ya kuijua kazi na kuizoea. Wanatengeneza roboti isiyozidi sentimita 25 kila upande, wanaiandikia programu, wanaifanyisha mazoezi juu ya mkeka wa zaidi kidogo ya mita mbili kwa mita moja, mpaka inaifanya kazi ile usingizini. Asubuhi ya shindano lenyewe waamuzi wanatangaza kanuni mpya ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Mwalimu haruhusiwi kusogea. Roboti iliyokariri inakwama hapo hapo. Inayopona ni ile ambayo watoto wake wanajua kila waya umeenda wapi na kwa nini.

Usukumani mashindano yenye siri si jambo geni. Bagika na Bagalu wameshindana kwa ngoma tangu karne ya 19, na mpaka leo sikukuu ya Bulabo pale Bujora, Kisesa, haipiti bila pande hizo mbili kukutana. Ngoma zile hazina mwamuzi mwenye filimbi. Pande zote mbili zinacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule ambaye watu wamemhamia. Kwa hiyo kila kundi huficha jambo lake mpaka siku ya uwanjani: hatua mpya, nyoka, kinyago, wimbo ambao upande wa pili haujausikia. Wazee wetu walijua kwamba mtu aliyejiandaa kwa jambo moja tu huachwa uwanjani peke yake na ngoma yake. Kwenye ngoma, mchezaji ndiye anayeushtua uwanja, na kwenye roboti uwanja ndio unaomshtua mchezaji. Mazoezi ya kichwa ni yale yale.

Nirudi darasani. Sharti langu lilikuwa moja: ubashiri wowote uandikwe ubaoni pamoja na sababu yake, na usio na sababu unafutwa. Jumamosi ya kwanza ubao ulijaa. Utaweka moto. Utamwaga maji. Roboti zitapigana. Roboti itatakiwa kuruka. Tukazifuta bashiri karibu zote, na darasa likanuna. Kisha akasimama binti mmoja wa kidato cha tatu, mtoto wa mzee mwenye karasha la kusagia mawe, akasema taratibu huku akiniangalia: "Mwalimu, wewe uko peke yako. Makundi ni matatu na kila roboti ina dakika mbili. Huwezi kuweka kitu ambacho huwezi kukihesabu kwa macho."

Tangu siku ile ubao ukabadilika. Walikuwa wakijiuliza mwalimu anataka nini, sasa wakaanza kujiuliza mwalimu anaweza nini. Kanuni lazima iwe sawa kwa makundi yote. Lazima ihesabike. Vifaa vyake lazima viwe tayari mezani au viwe vidogo kiasi cha kutosha mfukoni, maana mfuko wangu wameuona. Na haiwezi kuiua kazi ya mwanzo, kwa sababu hapo litakuwa shindano jingine kabisa. Ukichekecha hivyo, yanabaki machache: kitu kinaweza kuongezwa au kuhamishwa, rangi moja inaweza kugeuzwa maana, mahali pa kuanzia panaweza kubadilika, muda unaweza kukatwa. Watoto wa miaka 16 walifika hapo wenyewe, kwa chaki. Hicho ndicho mhandisi hukifanya anapopewa kazi na mteja asiyemweleza yote, na katika miaka yangu ya kufundisha fizikia sijawahi kukifundisha kwa mafanikio kama siku ile, ambapo kwa kweli sikufundisha.

Marekani mchezo huu wa kubashiri una umri mkubwa. Dean Kamen, mvumbuzi wa vifaa vya hospitali, alianzisha taasisi ya FIRST mwaka 1989, na mwaka 1992 timu 28 zikakutana kwenye ukumbi wa michezo wa shule moja huko New Hampshire. Aliyemsaidia kuuunda mchezo ni Woodie Flowers, profesa wa MIT, ambaye tayari alikuwa na desturi ya kuwapa wanafunzi wake masanduku yenye vifaa vile vile na kuwaambia washindane kutengeneza mashine. Siku hizi, kila Januari mchezo mpya hutangazwa siku moja kwa timu zote duniani. Kabla ya siku hiyo waandaaji hudondosha dokezo, picha, neno au orodha ya vifaa, na maelfu ya vijana hukaa wiki nzima wakilichambua dokezo hilo kama wazee wanaosoma mawingu ya Oktoba.

Upo ubashiri mmoja ambao umerudiwa kwa miaka mingi kuliko yote: safari hii roboti zitacheza majini. Mwaka 2025 ilionekana saa imefika, kwa sababu jina na picha za msimu mzima zilikuwa za bahari. Mchezo ulipotangazwa, ukaitwa Reefscape, na hapakuwa na tone la maji. Matumbawe yalikuwa vipande vya bomba la plastiki, na mwani ulikuwa mipira. Aliyeshika neno bahari akaanza kufikiria injini isiyoingia maji alipoteza muda. Aliyejiuliza waandaaji wanaweza kukodi kumbi ngapi zenye bwawa, na maji yangefanya nini kwenye betri za roboti, alijua mapema kwamba maji hayaji.

Mwaka 2009 funzo lilikuwa kali zaidi. Ulikuwa mwaka wa 40 tangu binadamu akanyage mwezini, na mchezo ukaitwa Lunacy. Sakafu ikafunikwa kwa kitu cha utelezi, timu zote zikalazimishwa kufunga magurudumu ya plastiki ngumu, na kila roboti ikavutishwa tela. Timu zilizokusanya ujuzi wa miaka kumi kuhusu magurudumu yanayong'ata zulia zikajikuta zinaanza moja. Nilipowasimulia watoto wangu habari hiyo walicheka kwa raha, na nikaelewa kwa nini. Anayeendesha baiskeli ya abiria Shinyanga mwezi wa tatu, akitoka kwenye mchanga wa luseni na kuingia kwenye udongo mweusi wa mbuga uliolowa, anajua kwamba ukikaza breki umeanguka. Unapunguza, unaacha gurudumu lijitafutie njia, na abiria unamwambia asitikisike. Elimu ya sakafu ya utelezi wanayo tayari, ila hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ni elimu.

Kuna shindano jingine linalotugusa zaidi, kwa sababu humo kila nchi hupeleka timu moja tu, tajiri na maskini sawa, na Tanzania imewahi kupeleka. Linaitwa FIRST Global. La kwanza lilifanyika Washington Julai 2017, nchi zaidi ya 150. Mchezo wa mwaka ule ulikuwa maji: roboti zilitenganisha mipira ya bluu na ya rangi ya chungwa, maji safi na uchafu wake. Mwaka 2018, Mexico City, mchezo ukawa nishati. Mwaka 2019, Dubai, ukawa bahari na taka zake. Mwaka 2022, Geneva, ukawa kukamata hewa ukaa. Mwaka 2023, Singapore, ukawa haidrojeni, na mwaka 2024, Athens, ukawa chakula.

Soma tena orodha hiyo ukiwa umekaa Shinyanga. Maji: miji ya Shinyanga na Kahama imekunywa maji ya Ziwa Victoria tangu 2009 tu, kwa bomba linaloanzia Ihelele huko Misungwi, na wakubwa wa watoto hawa wanakumbuka foleni za madumu. Uchafu wa maji: nenda kwenye mialo ya kuoshea dhahabu uone zebaki inavyoshikwa kwa mikono mitupu. Hewa ukaa: kabla watu wa Geneva hawajaifanya mchezo, mradi wa HASHI ulioanza 1986 ulikuwa umewarudisha wafugaji wa hapa kwenye ngitili, yaani malisho yanayotengwa ili yapumzike, na miti ikarudi kwenye ardhi ambayo watu walishaanza kuiita jangwa. Chakula sina haja ya kukieleza kwa mkulima wa Kishapu. Mtoto anayetaka kubashiri mchezo ujao wa dunia hana sababu ya kukodolea macho madokezo ya Wamarekani. Atoke nje ya darasa, aangalie ni shida gani ya nyumbani kwao ambayo bado haijageuzwa kuwa mipira na vifuniko. Mimi wangu wamebashiri udongo uliochoka. Sababu yao ipo ubaoni na bado sijaifuta.

Ila kwa timu za nchi zetu kanuni ya kushtukiza mara nyingi haimo kwenye bahasha. Mwaka ule wa 2017 mabinti wa Afghanistan walinyimwa viza mara mbili, wakaruhusiwa dakika za mwisho baada ya Rais wa Marekani kuingilia, na vifaa vyao vilikuwa vimechelewa kuwafikia. Timu ya majirani zetu wa Burundi ilifika, ikashindana, na shindano lilipoisha vijana wote sita hawakuonekana, wawili wakaja kujulikana kuwa wamevuka kwenda Canada. Nalitaja hili kwa sababu huwa linanirudia usiku. Walimu wao walikuwa wamewaandaa kwa kila kitu kilichowezekana kubashirika mezani. Yaliyowakuta nje ya meza yalikuwa makubwa kuliko mchezo wowote.

Sasa niseme tofauti ya mikeka hii miwili, maana mwenzangu wa dirishani aliiulizia.

Anayebeti anabashiri jambo ambalo hana mkono nalo. Akishaweka hela, hakuna cha kufanya ila kusubiri dakika 90. Ubashiri wake haumwongezei ujuzi, haumwachii kifaa, na ukishindwa hauachi hata sababu ya kushindwa. Anachotafuta ni kupatia. Mtoto wa roboti anabashiri ili ajue ajiandae vipi, na akikosea bado maandalizi yanabaki mikononi mwake.

Kuna ubashiri mwingine unaofanana na kubeti na tunaulea wenyewe shuleni. Ni ule wa mtihani. Mitihani ya vitendo inapokaribia, wanafunzi huchungulia dirisha la maabara. Wakiona springi na mawe ya kupimia, wanasema mwaka huu ni springi. Wakiona kipande kinene cha kioo, wanasema ni mwanga, na daftari la umeme linafungwa siku hiyo hiyo. Kwa kuchungulia, hawana kosa, maana kusoma dalili ni akili. Kosa ni kinachofuata. Mbashiri wa mtihani anabashiri ili apunguze anachosoma. Mbashiri wa roboti anabashiri ili aongeze anachojiandaa nacho. Mmoja anafunga milango mpaka ubaki mmoja, mwingine anatembea kuufungua kila mlango anaoweza kuufikiria. Ndiyo maana nasema tuwaache wabashiri, tena tuwape muda wa kubashiri kwenye ratiba, lakini kila ubashiri ulete sababu.

Ukanda huu una haki ya kuusikia ujumbe huo kuliko mahali pengine pote Tanzania, kwa sababu tumeishi kwa kubashiri. Dhahabu ya Geita ilijulikana kwa Wajerumani tangu 1898, na kati ya miaka ya 1930 na 1966 mgodi wa Geita ulikuwa mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki kabla haujafungwa na kuja kufunguliwa upya mwaka 2000. John Williamson, mwanajiolojia wa Canada aliyekuwa amefanya kazi machimbo ya Mabuki, alijua kwamba almasi ndogo ndogo zinazookotwa huku na kule lazima zina chimbuko. Akalitafuta kwa miaka, na mwaka 1940 akalipata Mwadui, bomba la mwamba lenye eneo la hekta 146, miongoni mwa makubwa duniani. Huo ulikuwa ubashiri, lakini ulikuwa na sababu iliyoandikwa.

Na mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamgasa, huko Geita, naye si mjinga wa bahati kama wanavyomdhania watu wa mijini. Mwangalie anapochukua jiwe: analilamba au analimwagia maji lionyeshe rangi, anatazama mshipa unaelekea wapi, anatwanga kipande, anaosha unga kwenye karai na kuhesabu chembe zilizobaki chini. Ndipo anaamua duara liendelee au lihame. Huo ni upimaji, na watoto wake wameuona tangu wakiwa mgongoni.

Lakini tumekuwa pia na ubashiri wa aina nyingine, na sitaupita kimya. Kuanzia mwaka 2007 Kanda ya Ziwa ilitikiswa na mauaji ya watu wenye ualbino, na sehemu ya imani iliyowaua ni kwamba viungo vyao vinavuta dhahabu na samaki. Watu walikatwa kwa sababu ya ubashiri ambao hakuna mtu aliyewahi kuulizwa sababu yake ubaoni. Mtu akiniambia kumfundisha mtoto kudai sababu ni anasa ya shule za matajiri, namkumbusha hilo.

Mwamba nao una kanuni zake za kushtukiza. Oktoba 2015 machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama, yaliporomoka yakiwa na watu chini. Watano walitolewa hai Novemba, baada ya siku 41 gizani. Nilikuwa miongoni mwa wengi hapa Kahama walioisikia habari ile wasiiamini. Kila ninapoona mtoto anauliza "na kama upande huu ukiziba, roboti itarudi wapi?" nafikiria matimba ya kushikilia shimo, njia ya pili ya kutokea, mtu wa juu anayejua walioko chini ni wangapi. Hayo yote ni majibu ya swali hilo hilo.

Na kazi yenyewe ya mgodini inakwenda huko. Katika mgodi wa Kibali, kaskazini mashariki mwa Kongo, mashine za kubebea mawe hupita chini ya ardhi bila dereva ndani yake, na mwendeshaji mmoja aliyekaa juu anasimamia mashine kadhaa kwa pamoja. Mwenye kazi hiyo analipwa kwa ajili ya zile dakika ambazo mashine imekutana na jambo lisilokuwemo kwenye programu. Huku kwetu mgodi wa Buzwagi, uliokuwa unaonekana kutoka barabara kuu ya Kahama, ulianza 2009 na kufungwa 2021. Miaka 12 tu. Kijana aliyejifunza kazi moja ya mgodi mmoja aliachwa na mgodi.

Najua nitakachoambiwa. Shule hazina madawati ya kutosha, maabara nyingine hazina hata maji ya bomba, halafu huyu anataka roboti. Madawati yanahitajika, sibishi. Wala sisemi tukimbilie mashindano ya Marekani ambayo ada ya kuingia timu moja kwa mwaka ni takribani dola 6,000. Nasema tuanze na plaiwudi. Na fedha ya plaiwudi katika ukanda huu ipo kisheria. Halmashauri hupokea ushuru wa huduma unaotokana na mauzo ghafi ya makampuni, migodi ikiwemo. Juu ya hapo, Sheria ya Madini baada ya marekebisho ya 2017 inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri juu yake. Nimesoma vibao vingi vya miradi hiyo: madarasa, zahanati, vituo vya polisi, mabweni. Ni vitu vya maana. Lakini nimeona pia kwamba tunapenda kitu chenye jiwe la msingi, na meza ya plaiwudi haina mahali pa kuweka jiwe la msingi.

Mlango mwingine ulifunguliwa mwaka 2024, mkondo wa amali ulipoanza kidato cha kwanza kwenye baadhi ya shule za sekondari. Wapo pia Young Scientists Tanzania, walioanzishwa na Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry, ambao tangu 2012 huwakusanya wanafunzi Dar es Salaam kila mwaka kuonyesha tafiti zao. Nawaheshimu sana. Ila onyesho la utafiti ni jambo uliloliandaa nyumbani ukaja kulieleza. Tunachokikosa ni shindano la kumkuta mtoto na asichokijua, na kumwachia saa moja na nusu.

Siku ya shindano letu nilisoma bahasha saa mbili asubuhi. Kanuni ilikuwa fupi: roboti itaanzia kona ya upande wa pili. Hakuna kundi lililokuwa limeibashiri kwa asilimia mia. Kwenye kitendawili ukishindwa unatoa mji na mambo yanaisha, lakini mezani hapakuwa na mji wa kutoa.

Kundi la kwanza lilikuwa na uhakika nitaweka kizuizi, kwa hiyo walikuwa wameifunga roboti yao kipande cha bati mbele, kizito, cha kusukumia. Bati lile liliilemea kwenye kona ngeni, ikafa katikati ya njia. Kundi la pili walikuwa wameandika amri ya kupinda kushoto mahali 14 kwenye programu. Ilibidi wageuze zote 14 kuwa kulia. Waligeuza 13. Roboti yao ilikwenda vizuri kiasi cha kutupa matumaini, kisha kwenye kona ya mwisho ikageukia kushoto na kuanguka kutoka mezani, na kijana mmoja akaidaka kwa tumbo.

Kundi la binti wa karasha ndilo lililokuwa limebashiri vitu vingi kuliko wote, na bashiri zao karibu zote zilikuwa si sahihi. Walidhani nitapunguza muda. Walidhani nitabadilisha rangi. Lakini kwa sababu walijiandaa kwa mabadiliko mengi, walikuwa wameandika mwelekeo wa kupinda mara moja tu, juu kabisa ya programu, na sehemu nyingine zote zinausoma kutoka hapo. Walibadilisha neno moja. Muda uliobaki waliutumia kuikimbiza roboti mezani mara tisa, na kila mara binti yule alikuwa amepiga magoti, jicho usawa wa plaiwudi, akitazama gurudumu la kulia ambalo lilikuwa linayumba kidogo. Akalitia kipande cha mpira wa baiskeli. Vifuniko vyekundu vyote sita viliingia kwenye duara kwa dakika moja na sekunde 40.

Mwenzangu wa dirishani alikuwepo. Alikaa mpaka mwisho, na Jumamosi iliyofuata alimleta mwanawe.

Ombi langu nawaelekezea madiwani na wakurugenzi wa Kahama, Msalala, Ushetu, Kishapu, Shinyanga, Geita, Nyang'hwale, Mbogwe, Bukombe na Chato. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na kabla ya hapo mtakaa na migodi kuzungumzia mpango wa mwaka. Andikeni meza moja, bodi kumi na kompyuta mpakato tano kwa kila shule yenye mkondo wa amali. Andikeni na posho ya mwalimu wa Jumamosi. Kisha siku ya shindano la wilaya mje ninyi wenyewe, na bahasha mje nayo.